Sentimita Kumi na Mbili

Aghalabu mtu aionapo baiskeli yenye springi mbele na nyuma hudhani ameona kiti cha starehe. Dhana hiyo imeenea mno mjini Nakuru, na si ajabu, kwani masoko ya mitumba yamejaa baiskeli zilizopachikwa springi nene ya chuma chini ya tandiko ambazo, mwendeshaji akikanyaga pedeli, hunesanesa kama kitanda cha kamba. Nguvu iliyopaswa kuufikia mnyororo huishia kwenye springi. Anayeinunua hufurahi siku mbili. Siku ya tatu, anapoukabili mlima wa kuelekea Milimani, huanza kujiuliza imekuwaje jirani yake mwenye baiskeli kavu, isiyo na springi hata moja, anamwacha nyuma. Hapo ndipo hukata kauli kwamba springi ni urembo tu, na asemaye hivyo hawezi kulaumiwa, kwa kuwa aliyoiona ni springi iliyowekwa kwa ajili ya makalio.

Springi ya baiskeli halisi ya milimani iliwekwa kwa ajili ya gurudumu. Gurudumu lililo hewani halina breki, halina mwelekeo, wala halisukumi chochote. Kila mara linaporushwa na jiwe, hata kwa muda wa kufumba na kufumbua, mwendeshaji huwa amekalia chombo asichokitawala. Kazi ya springi ni kulirejesha gurudumu ardhini upesi, na ikiwezekana kulizuia lisiondoke kabisa. Starehe, kama ipo, huja kama nyongeza ya mwenye duka.

Zipo baiskeli ambazo magurudumu yake yaweza kupanda na kushuka milimita 150, 160 au hata 170. Hizo zimeundiwa miteremko mikali, nazo humeza mawe bila kuuliza. Zipo nyingine ambazo mwendo wa springi zake ni mfupi, milimita 100 hadi 120, mbele na nyuma. Ni za wale wanaopanda mlima kwa nguvu zao wenyewe kabla ya kuushuka. Milimita 120 ni sentimita kumi na mbili, urefu usiozidi kiganja cha mtu. Yafaa kutafakari nini kinachoweza kutendeka ndani ya kiganja hicho kimoja, hasa katika ardhi ya Bonde la Ufa.

Ardhi yenyewe haina mzaha. Nakuru imekaa kwenye sakafu ya bonde, takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kati ya ziwa na mlima Menengai. Sehemu kubwa ya udongo wake ni majivu ya volkano. Wakati wa kiangazi majivu hayo huwa unga mwepesi unaoficha mashimo. Masika yakifika huwa sabuni. Chini ya unga huo hulala mawe ya lava yenye ncha, na juu ya murama magari huchonga mikunjo midogo iliyopangana kama bati la nyumba. Anayetoka Njoro kuelekea vijiji vya chini ya Mau, au anayeteremka kutoka Bahati kwa njia za ndani, hukutana na vyote hivyo katika safari moja.

Ardhi hiyo kwa miongo mingi ilishindwa na chombo kimoja tu, ile baiskeli nyeusi iitwayo Black Mamba. Fremu yake ni ya chuma, breki zake ni za vijiti vya chuma, gia yake ni moja, na uzito wake aghalabu hupita kilo 20 kabla ya kupakiwa mzigo. Ndiyo iliyobeba maziwa, viazi, kabeji, makaa na maharusi. Ndiyo iliyokuwa bodaboda ya Nakuru kabla ya pikipiki kuja kwa wingi na kuiondoa barabarani. Keria yake ikafungwa sifongo ili abiria asiteseke. Lakini mwendeshaji hakufungiwa sifongo popote. Springi ya Black Mamba ilikuwa mwili wa mwenyewe: magoti, viwiko, mabega na uti wa mgongo. Mwili huo ulifanya kazi yote ambayo leo hufanywa na mafuta na hewa ndani ya mitungi ya aluminiamu, na haukubadilishwa vipuri.

Mwalimu mmoja wa shule ya upili mjini Nakuru aliujua ukweli huo tangu utotoni. Alizaliwa Bahati, na kabla ya kwenda shuleni asubuhi alikuwa akipeleka maziwa ya baba yake kwa Black Mamba, mikebe miwili ikining'inia ubavuni. Alijifunza kusimama juu ya pedeli kabla hajajua kwa nini. Alijifunza kulegeza viwiko, kwa sababu kijana aliyekaza mikono alimwaga maziwa, na aliyemwaga maziwa alikuwa na la kujieleza nyumbani. Alipokuwa mtu mzima mwenye mshahara, alinunua baiskeli ya milimani iliyotumika, ngumu nyuma na ngumu mbele, akawa anapanda Menengai kila Jumamosi.

Miaka mitatu iliyopita, akiteremka kutoka ukingoni mwa kreta, gurudumu la mbele liligonga jiwe la lava lililojificha katika vumbi. Baiskeli ilisimama, mwalimu akaendelea. Alikinga kwa mkono wa kulia, na kifundo kikavunjika mahali pawili. Mfupa uliunga, lakini kifundo hakikurudi kuwa kile cha awali. Kushika chaki hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni mtikisiko: hata kusukuma toroli la maji kwenye kokoto kulimwachia maumivu ya siku mbili. Mkewe, ambaye hakuwahi kuipenda Menengai, alisema mara moja tu, kisha hakurudia: "Baba, mkono wa kuandikia ni huo mmoja." Kwa miaka miwili baiskeli ilining'inia ukutani. Kwa mtu aliyelelewa juu ya tandiko, huo ulikuwa ukuta mchungu kuutazama.

Hatimaye alinunua, kwa mgeni aliyekuwa akihama nchini, baiskeli iliyotumika yenye springi fupi: milimita 120 mbele, milimita 120 nyuma. Bei yake ilimfanya aikokote nyumbani giza likiwa limeingia.

Mambo yake ya kwanza alifundishwa na fundi mmoja wa mjini, mtu wa maneno machache na mikono iliyojaa grisi. Ndani ya shokomzoba ya nyuma, fundi alimweleza, hakuna springi ya chuma bali hewa iliyobanwa. Pistoni yake husafiri milimita 45 tu. Ni vile vyuma vya katikati, vinavyofanya kazi kama wenzo, vinavyozigeuza milimita 45 kuwa 120 kwenye gurudumu. Hewa hujazwa kwa pampu ndogo yenye saa, kulingana na uzito wa mwendeshaji. Kisha yapo mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo ili springi isirudi kwa kishindo. Hewa hupokea pigo, mafuta hulipunguza makali.

"Panda, Mwalimu," fundi alisema. "Kaa kama unavyokaa njiani. Usishike ukuta."

Mwalimu alipanda. Baiskeli ikashuka chini yake, sentimita tatu hivi, kama ng'ombe anayejiweka sawa akikamuliwa.

"Inalala sana hii."

"Acha ilale. Isipolala itadunda. Gurudumu linataka pa kupandia na pa kushukia. Likifika kwenye shimo, litashuka na nini kama umelikaza?"

Katika jibu hilo imo nusu ya elimu nzima ya springi. Watu wengi hufikiri juu ya jiwe, wakasahau shimo. Robo ya mwendo, yaani sentimita tatu kati ya kumi na mbili, huachwa itumike kwa uzito wa mwendeshaji tu, ili ardhi inapopotea ghafla gurudumu liweze kuifuata huko chini badala ya kubaki linaelea. Zinazobaki tisa ndizo za kupokea mapigo. Asiyeelewa hesabu hiyo hujaza hewa mpaka chombo kiwe kigumu, akidhani anajipatia nguvu, kumbe amenunua baiskeli kavu kwa bei ya baiskeli ya springi.

Ni vyema hapa kudokeza jambo la lugha, kwa kuwa lina uzito wake. Fundi yule hakutumia istilahi yoyote ngumu. Alitumia vitenzi vitatu: kulala, kudunda, kurudi. Baiskeli hulala ikikaliwa, hudunda ikikazwa kupita kiasi, na hurudi, upesi au polepole, baada ya kubanwa. Vitenzi hivyo vinatosha kumfundisha mtu chombo kizima. Mijadala ya istilahi mara nyingi hukwama kwenye nomino, wataalamu wakibishana iwapo kifaa kiitwe shokomzoba, kidhibiti mtikiso au jina jingine, ilhali kazi yenyewe ya kifaa imekwisha kusemwa kwa Kiswahili safi karakana nzima ikisikia.

"Na mkono wangu utakubali?" mwalimu aliuliza.

"Mimi si daktari, Mwalimu. Lakini hii si godoro. Ukiilalia kama godoro itakutupa."

Springi hizi hazikuzuka siku moja. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi lake la upepo mwaka 1888, na kwa karne moja tairi hilo ndilo lililokuwa springi pekee ya baiskeli nyingi duniani. Katika miaka ya 1970, vijana wa kaunti ya Marin huko California walianza kushuka milima kwa baiskeli nzito za zamani, za aina ambayo mchuuzi wa maziwa wa Bahati angeitambua kwa uzito wake. Mbio zao, zilizoanza mwaka 1976, ziliitwa Repack kwa sababu breki ya ndani ya gurudumu la nyuma ilichemka mpaka grisi ikaungua, na baada ya kila mteremko ilibidi ipakwe grisi upya. Uma wa mbele wenye hewa na mafuta ulianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Paul Turner wa RockShox. Springi za nyuma zikafuata, na kwa muda mrefu washindani wa mbio za nyika walizikataa kwa sababu ya uzito na ule mnesonneso wa pedeli. Mbio hizo ziliingia katika Olimpiki mwaka 1996 mjini Atlanta, na leo wengi wa washindani wake wakuu hupanda springi mbili fupi. Kilichobadilika ni mpangilio wa vyuma vya nyuma: siku hizi viungo huwekwa mahali ambapo mvutano wa mnyororo hupingana na kubonyea kwa springi, hivyo mguu unapokanyaga, baiskeli husonga mbele badala ya kuzama.

Safari ya kwanza ya maana ya mwalimu ilikuwa Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha. Mbuga hiyo, iliyotangazwa mwaka 1984, ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli kati ya pundamilia na swala; katika mbuga ya Ziwa Nakuru, iliyo karibu zaidi na nyumbani kwake, ruhusa hiyo haipo. Barabara inayotoka lango la Elsa hupita chini ya majabali mekundu kuelekea korongo la Ol Njorowa, na ina mikunjo ya bati karibu mwanzo hadi mwisho.

Kwa kukihurumia kifundo chake, mwalimu alikuwa amezungusha kitufe cha uma ili springi irudi polepole sana. Aliwaza kwamba kitu kinachorudi taratibu lazima kitakuwa laini. Mita hamsini za kwanza zilimpa haki. Kisha, kadiri alivyoongeza mwendo, usukani ulianza kuwa mgumu mikononi mwake kama kwamba mtu alikuwa akiumimina saruji. Alipofika kwenye mnara wa Fischer, lile jabali la mita 25 linalosimama peke yake kando ya njia, kifundo kilikuwa kinawaka.

Sababu yake ni rahisi, ila haijulikani mpaka imuumize mtu. Mikunjo ya bati hufuatana upesi. Springi ikibonyezwa na mkunjo wa kwanza na kucheleweshwa kurudi, mkunjo wa pili huikuta bado imebonyea, ukaibonyeza zaidi. Wa tatu vilevile. Baada ya mapigo kumi springi imekwisha kujikunja karibu mpaka mwisho, nayo springi iliyofika mwisho ni chuma tu. Mwalimu alishuka, akazungusha kitufe mibofyo mitatu kuelekea upande wa haraka, akajaribu tena. Usukani ukawa unatetemeka kidogo mikononi, mtetemeko mwepesi, lakini mapigo hayakufika kwenye mfupa. Kilichoonekana kuwa kikali ndicho kilichokuwa na huruma. Alikaa pale chini ya jabali kwa dakika kadhaa akikunja na kukunjua vidole, na nyani mmoja akapata nafasi ya kumchunguza begi.

Kutoka hapo alianza kuisoma njia. Na hili ndilo linaloitofautisha springi fupi na ndefu. Mtu aliye juu ya milimita 170 huambiwa na baiskeli yake kwamba njia ni tambarare. Anayepanda milimita 120 huambiwa ukweli, ila kwa sauti ya chini. Mwalimu alihisi pale murama ulipogeuka kuwa mchanga, pale tairi lilipokanyaga vipande vya mawe meusi ya kioo cha volkano, pale mzizi ulipopita chini ya gurudumu la mbele kisha, sekunde isiyo kamili baadaye, chini ya lile la nyuma. Habari zote zilimfikia. Hazikumfikia kama kofi.

Alipoiacha barabara kuu na kuifuata njia ya mzunguko wa nyati, inayopanda kati ya mawe mepesi yenye vitundu, alikutana na faida ambayo hakuitarajia. Mteremko hujulikana kuwa mahali pa springi. Kumbe hata mlima ni mahali pake. Kwenye udongo ulioachana, gurudumu la nyuma la baiskeli kavu huruka kila linapokuta jiwe, na linaporuka hukosa mshiko, mwendeshaji akakanyaga hewa. Hapa gurudumu lilifuata umbo la ardhi na kuendelea kuuma. Alipanda ameketi pahali ambapo zamani angelazimika kushuka na kusukuma. Mapafu yake hayakupewa springi yoyote, kwa hiyo alifika juu akihema kama mvukuto. Mbali upande wa Olkaria mvuke wa mitambo ya umeme ulikuwa ukihema vilevile.

Miiba ya migunga ilimtoboa tairi mara mbili, na mara mbili maji mazito yaliyomo ndani ya tairi yakaziba tundu kabla hajashuka. Aliendesha kwa upepo mdogo, ratili 22 kwa inchi ya mraba, kwa kuwa tairi pana lisilojazwa sana lenyewe ni springi ya kwanza. Fundi alikuwa amelisisitiza hilo kuliko mengine yote: kabla ya kugusa kitufe chochote, pima upepo.

Kifundo kiliuma jioni ile, ila asubuhi yake hakikuwa kimevimba.

Ilibaki Menengai. Kreta hiyo, yenye upana wa kilomita kama 12 kwa 8, ukingo wake wa juu kabisa ukifikia mita 2,278, huwatazama wakazi wa Nakuru kila siku, na mwalimu alikuwa amejizoeza kutoitazama. Alipanda kupitia msitu wa mikaratusi, polepole, akapumzika ukingoni, akaanza kuteremka kuelekea mjini. Njia ilikuwa kavu. Vumbi lilifika kwenye vifundo vya miguu. Jiwe lake lilikuwa palepale. Miaka mitatu kwa jiwe la lava ni muda wa kupepesa macho.

Alisimama juu yake kiasi cha hatua ishirini. Aliiegemeza baiskeli kwenye mti, akashuka kwa miguu, akatazama. Mwenye springi ndefu huenda angelipita jiwe lile kichwani bila kusimama. Sentimita kumi na mbili hazikumruhusu hilo, na hakujidanganya. Lakini upande wa kushoto palikuwa na upenyo aliokuwa haujui, kwa sababu kwa baiskeli ya zamani upenyo ule haukuwa njia: mizizi mitatu iliyofuatana, kisha kishimo, kisha ngazi ya udongo iliyofika nusu ya goti. Kwa baiskeli kavu mizizi ile ingemtoa mikononi usukani kabla ya kuifikia ngazi. Kwa hii, mizizi mitatu ni mambo ya kulala na kurudi, kulala na kurudi, kulala na kurudi.

Alirudi juu. Alisukuma mbele kiungo kidogo cha mpira kilichovaa kwenye mguu wa uma, ile pete ambayo huburutwa na springi na kubaki mahali springi ilipofikia, ili imwambie baadaye ukweli. Kisha alipanda, akasimama juu ya pedeli, akalegeza viwiko. Mzizi, mzizi, mzizi. Kishimo. Gurudumu la mbele lilidondoka kwenye ngazi, uma ukazama mpaka mwisho, akasikia mgongano mdogo wa mpira na chuma; magoti yake yalipokea kilichobaki, kama yalivyopokea mikebe ya maziwa. Alijikuta chini, bado yuko juu ya tandiko, jiwe liko nyuma yake.

Alipoitazama, pete ilikuwa imefika juu kabisa. Hapakuwa na milimita ya akiba. Alikaa kwenye nyasi, na mikono ilimtetemeka kwa sababu isiyohusiana na kifundo.

Hapana budi kutaja, kwa kuwa mwalimu mwenyewe alilikumbuka pale kwenye nyasi, jina la Suleiman Kangangi. Alikuwa nahodha wa Team AMANI, Mkenya aliyemaliza wa tatu katika mbio za Tour du Rwanda mwaka 2017 na miongoni mwa waliowaonyesha vijana wa Afrika Mashariki kwamba baiskeli ni zaidi ya keria. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 katika ajali ya mwendo wa kasi kwenye mbio za barabara za vumbi huko Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Ujuzi wake ulikuwa mkubwa kuliko wa karibu kila mtu aliyewahi kukanyaga pedeli katika Bonde la Ufa. Hakuna chombo, chenye springi au kisicho nazo, kinachobatilisha mwendo. Ndiyo maana ipo haja ya kutilia shaka matangazo yanayoiuza springi kama usalama. Springi humpa mwendeshaji mshiko zaidi, na mshiko humpa kasi zaidi, na kasi huurudisha mkataba mahali ulipokuwa. Springi ndefu huuficha mkataba huo mpaka dakika ya mwisho. Fupi, kwa ule mgongano wake mdogo wa mpira na chuma, humsomea mwendeshaji masharti mapema.

Upo pia upande wa haki, ambao ni mgumu kuukwepa. Baiskeli ya mwalimu haibebi chochote. Bei yake ingenunua Black Mamba kadhaa. Wale ambao miili yao imepigwa zaidi na barabara za Bonde la Ufa, waliobeba lita 40 na 60 kila alfajiri kwa miaka 30, ndio ambao hawakuwahi kupata hata sentimita moja ya springi. Sehemu ya sababu ni ya kiufundi: mzigo mzito wa keria, unaobadilika kila safari, ungehitaji springi ijazwe na kupunguzwa upepo kila kukicha, na gari lililopakiwa nyuma hivyo hulalia mkia. Lakini sababu za kiufundi hutatuliwa pale panapokuwa na mnunuzi. Wabunifu wa springi hawakuwahi kumwona mchuuzi wa maziwa kuwa mnunuzi.

Wachuuzi hao sasa wamebaki wachache, wengi wao wazee. Vijana wamehamia kwenye pikipiki. Jumapili moja mwalimu alikutana na mmoja wao katika njia ya ndani ya Bahati, mahali ambapo mlima humlazimu kila mtu kushuka. Walisukuma baiskeli zao sambamba.

"Umeamkaje, mzee?"

"Nimeamka vyema, Mwalimu." Mzee alikuwa akiitazama ile baiskeli tangu mbali. Walipofika juu aliiegemeza yake kwenye ua, akahakikisha mikebe imesimama, akaja kulibonyeza tandiko kwa kiganja. Likazama, likarudi.

"Hii hubeba lita ngapi?"

"Haibebi, mzee. Haina keria."

"Basi inalegea kwa ajili ya nini?"

Mwalimu alianza kueleza habari za gurudumu na ardhi, akajisikia anafundisha darasa ambalo limekwisha kufaulu. Akaacha. Akamwachia usukani.

Mzee alipanda taratibu, akakanyaga mara mbili tatu akiwa ameketi, kisha, alipoyafikia mawe ya mwanzo wa mteremko, akainuka juu ya pedeli na kulegeza viwiko, bila kufikiri, kama mtu anavyoitika jina lake. Alishuka mita mia hivi na kugeuka kwa miguu, akiisukuma, akiisikiliza gurudumu ikilia tik-tik-tik. Alipofika hakusema kuwa ni nzuri wala mbaya. Aliinama akaitazama ile pete ya mpira kwenye uma, akauliza ni ya nini, akaelezwa.

"Imefika wapi?"

Ilikuwa imefika katikati. Mzee aliishusha kwa kidole gumba mpaka chini, akaangalia njia aliyotoka, akaomba aishuke mara moja tena.